Miaka 27 ya kukimbiza habari za televisheni Zanzibar, na karatasi zilizobaki sandukuni

MwanaKikwajuni

Assalaam alaykum wanajamvi.

Mei 2025 alipofariki mtangazaji Charles Hilary, jamvi lilijaa rambirambi kwa siku kadhaa na mimi nilizisoma karibu zote. Kila mmoja alitaja sauti yake. Ni haki yake, sauti ile Mungu alimpa na yeye akaitunza. Lakini nikawa najiuliza, mbona njia aliyopita hatuizungumzi? Mtoto wa Jang'ombe anaanza Redio Tanzania Dar es Salaam, anahamia Radio One, anakwenda Ujerumani Deutsche Welle, anakwenda London BBC, anarudi nyumbani Azam, mwaka 2021 anaitwa Ikulu ya Zanzibar, na anaondoka duniani akiwa msemaji wa Serikali ya Mapinduzi. Mpira, muziki, siasa, vyote vimepita mdomoni mwake. Koo peke yake halimfikishi mtu huko.

Kisha wiki iliyopita kijana mmoja anayesomea uandishi wa habari akaniandikia inboksi: "Ami, mkongwe wa habari za TV anakuwaje mkongwe? Ni miaka au ni kujulikana?" Nilianza kumjibu kwa mistari mitatu, nikajikuta nimejaza ukurasa. Nikaona bora nilete hapa, na wengine waliofanya kazi hii wanisahihishe.

Mimi sikuwa msomaji wa taarifa ya habari. Nilikuwa ripota wa kujitegemea, kamera nabeba mwenyewe, nikiviuzia stori vituo vya Bara na vya nje kuanzia Oktoba 1995 hadi 2022. Vituo vyenyewe sitavitaja, maana baadhi ya nitakayosema si mazuri na watu wake bado wapo.

Televisheni niliiona mara ya kwanza nikiwa mtoto, Kikwajuni, kupitia dirisha la jirani. Televisheni Zanzibar ilifunguliwa Januari 1974, zama za Mzee Aboud Jumbe, na ilianza moja kwa moja na rangi kabla ya jirani zetu. Bara walisubiri mpaka 1994, miaka ishirini mizima. Watu wa Dar wa umri wangu wanakumbuka zile antena ndefu za mabomba walizozielekeza Unguja ili wapate chetu. Sisi watoto tulilipia kuangalia kwa kumtekea maji mwenye nyumba. Ikifika taarifa ya habari watu wazima wote walinyamaza, na mtoto akikohoa alitolewa nje. Nilitolewa mara nyingi, kifua changu kilikuwa kibovu. Nikiwa pale nje kizani nikisikia sauti bila picha, nilikuwa nawaza huyu anayesema ana nini hata baba zetu wakamnyamazia namna hii.

Kazi nilianza kwa kumbebea mtu stendi ya kamera, uchaguzi wa kwanza baada ya kurudi vyama vingi, 1995. Matokeo ya urais wa Zanzibar yalikuja asilimia 50.2 kwa 49.8. Siku zile za kusubiri, hata wauza kahawa walikuwa wanagonganisha vikombe taratibu. Mpiga picha niliyekuwa nambebea stendi alipata homa siku ya pili, akanipa kamera. Ndiyo ikawa hivyo.

Sasa vijana, naomba muelewe habari ilisafiri vipi wakati ule, kwa sababu ukongwe wangu wote, kama upo, umetoka humo. Intaneti hatukuwa nayo. Nilirekodi kwenye kanda ya Hi8, saizi ya kaseti ya muziki ila nene kidogo. Asubuhi narekodi, kisha nakaa kibarazani naandika maelezo kwa mkono, naizungushia kanda ile karatasi, nafunga na mpira, natia bahasha ya khaki, halafu mbio Malindi bandarini. Pale unatafuta uso unaoujua kati ya abiria: nesi, baharia, mama anayekwenda kununua nguo Kariakoo. "Dada nishikie hii, kuna kijana amevaa fulana ya kijani atakupokea Dar." Boti inaondoka na kazi yako. Wewe unakwenda kwenye kibanda cha simu kuwaambia wamtume kijana wa fulana ya kijani.

Kutoka Pemba ndiyo ilikuwa shughuli. Kanda inatoka Wete kwa gari hadi Mkoani, inalala melini, inafika Unguja alfajiri, inasubiri boti ya Dar. Tukio la Jumatatu watu wanaliona Jumatano. Kwa hiyo neno "leo" nililifuta kabisa katika maandishi yangu. Naandika tarehe. Na kwa kuwa mhariri kule hawezi kuniuliza kitu, kila picha niliiandikia maelezo yake kwenye ile karatasi. Kwa mfano: "Picha ya 3, mama mwenye ushungi wa buluu, ni jirani tu, si jamaa wa marehemu, msimwite mjane." "Picha ya 7, mzee amekubali kurekodiwa lakini hataki jina." "Picha ya 9, huyu ni mtoto, msimuoneshe uso." Nakala moja inakwenda na kanda, moja nabaki nayo. Mwalimu wangu katika hili hakuwa chuo. Ni ile bahari ya kati ya Unguja na Dar.

Na kosa langu moja. Hili sijawahi kuliandika popote.

Mwaka 1998 gari ya shamba ilipinduka. Nikafika hospitali, sitaitaja, nikampata mtu mlangoni akanitajia jina la aliyefariki. Boti ilikuwa inaondoka baada ya dakika arubaini. Nikaliandika jina kwenye karatasi, bahasha, bandarini. Usiku likasomwa. Yule mtu alikuwa hai. Amevunjika mguu, yuko wodini anakunywa uji. Aliyefariki alikuwa abiria mwengine, majina yao ya kwanza yanafanana.

Kijiji kile palikuwa na televisheni moja, watu wakakimbia kumwambia mama yake. Kwa usiku ule usafiri haukuwepo. Yule bibi alikaa matangani kwa mwanawe aliye hai mpaka asubuhi.

Nilikwenda siku ya pili yake. Nilikuwa tayari kutukanwa, hata kupigwa. Bibi alikuwa amekaa kwenye mkeka, macho yamevimba, bado kajifunga khanga za msiba. Akasema niletewe maji. Nikanywa. Akaniuliza, "Mwanangu, ulimuona?" Nikasema sikumuona. "Ulimuuliza aliyemuona?" Nikasema hapana. Akasema, "Basi ungesubiri boti ya pili." Hakusema zaidi ya hapo. Mpaka leo, jina la marehemu silitoi bila kulisikia kwa watu wawili, na mmoja wao awe wa nyumba hiyo.

Miaka kumi na tatu baadaye, usiku wa kuamkia Jumamosi tarehe 10 Septemba 2011, ikazama MV Spice Islander karibu na Nungwi, ikielekea Pemba. Watu walikuwa wanarudi makwao baada ya Sikukuu. Nilifika Nungwi bado ni mapema, boti za wavuvi zinaleta watu, wengine wameokoka kwa kushikilia magodoro yaliyokuwa sehemu ya shehena. Simu zilikuwepo sasa, na simu ilikuwa shida yenyewe. Mhariri mmoja alinipigia mara kumi na moja asubuhi ile. Anataka idadi. "Wenzetu wameshasema, na sisi tuseme." Nikamwambia naweza kusema ninachokihesabu: boti ngapi zimefika ufukweni tangu nisimame hapa, watu wangapi wameshuka wakitembea wenyewe. Akakasirika, akamtafuta mtu mwengine akampa namba. Kituo hicho hakikunipa kazi kwa muda mrefu.

Nyote mnajua namba ile ilivyokuja kuwa. Miili iliyopatikana ikatangazwa 203, halafu ripoti ya tume ikaja kutaja jumla ya zaidi ya 1,500 pamoja na wasioonekana. Chombo kilichosajiliwa kwa watu mia sita na ushei. Hivyo yeyote aliyetaja idadi asubuhi ile alikuwa anakisia misiba ya watu.

Pale viwanja vya Maisara, mahema ya kutambulia miili, nilishusha kamera chini. Nilirekodi viatu vilivyoachwa mlangoni mwa hema na mikono ya watu iliyoshikana. Uso wa maiti sikurekodi hata mmoja. Niliambiwa picha zangu dhaifu. Sawa.

Kwa hiyo kijana wangu, swali lako nalijibu hivi: mkongwe ni yule ambaye karatasi yake ukiisoma baada ya miaka ishirini bado ni kweli. Nina sanduku la bati chini ya kitanda, kanda 212 na karatasi zake. Karibuni kwa maswali.

BintiChake

Ami, shikamoo. Nimesoma hiyo ya yule bibi ikabidi niweke simu chini kwanza.

Nina swali dogo. Ule mwaka umeme ulipokatika Unguja miezi mitatu, nyinyi wa televisheni mlikuwa mnamtangazia nani? Sisi Pemba tulikuwa na majenereta yetu ya dizeli, tukawa tunawaonea huruma wa mjini, jambo ambalo halijawahi kutokea.

MwanaKikwajuni

Marahaba mwanangu. Umeme ulikatika Disemba 2009 mpaka Machi 2010, baada ya ule wa mwezi mmoja wa Mei 2008. Laini ya chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba ndiyo iliyosumbua mara zote mbili. Nyinyi waya wenu kutoka Tanga ulikuja mwaka huohuo wa 2010.

Kwa kweli nilirekodi habari ambayo wenyewe wahusika hawakuiona. Betri za kamera nilizichaji kwenye hoteli moja iliyokuwa na jenereta, mlinzi ananiwekea kwenye soketi ya jikoni karibu na friji ya samaki. Kanda zote za miezi ile zilinuka samaki. Nikienda kwenye foleni ya maji, maana pampu zilikuwa hazifanyi kazi, watu wananiambia "turekodi waone." Waone nani? Bara, nje. Kwetu watu walirudi kwenye redio za betri. Hapo nilijifunza kuandika taarifa itakayoeleweka hata kwa mtu asiyeona picha, na baadaye ikanisaidia kuliko mafunzo yote. Picha ikizimika, sentensi ibaki imesimama.

NjeYaStudio

Mimi ni mwanamke niliyefanya kazi hii miaka kumi na nne, sehemu nisiyoitaja. Kaka umesema mengi ya kweli, nataka niongeze la upande wetu.

Watu wakisikia mwanamke mkongwe wa TV wanafikiri ni kukaa studio na ushungi mzuri. Kusoma taarifa tulipewa, ndiyo. Asaimenti za usiku, bandarini, vurugu, tuliambiwa "rudi nyumbani, wewe mke wa mtu." Nilipopata mimba ya kwanza nikatolewa kwenye kusoma kabisa, eti watazamaji watasema. Nikahamishiwa maktaba ya kanda. Nililia siku ile. Lakini kule maktaba ndiko nilikojua nchi hii. Nilikuwa naangalia kanda za zamani saa saba kwa siku, nazijua sauti za mawaziri wote, najua nani alisema nini kuhusu karafuu mwaka gani. Nilipozaa na kurudi, hapakuwa na mhariri anayeweza kunibishia tarehe.

Na niliona jambo la kuumiza. Kanda mpya zilikuwa ghali, kwa hiyo habari mpya zikirekodiwa juu ya kanda za zamani. Niliwahi kukuta hotuba ya mkutano wa semina imelazwa juu ya sherehe moja ya miaka ya themanini, imebaki sekunde tano mwisho, watoto wa skuli wanapunga mikono, halafu chenga. Nilimuomba mkubwa wangu anipe orodha ya zisizofutwa. Akasema orodha itengenezwe na nani?

Nikaitengeneza mimi. Kaka, hizo karatasi zako 212 usizidharau.

MwanaKikwajuni

Dada yangu, ungekuwa karibu ningekuletea halua ya Wete nzima nzima. Hayo ya maktaba sikuyajua. Sisi wa nje tulikuwa tunawaona nyinyi wa ndani mmepumzika, na hapo nilikosea.

Msumari Michenzani

Samahani Mzee, mimi nitauliza lile ambalo wengine wanaona haya. Wakongwe mnasifiwa sana lakini miaka yote hiyo habari tulizoziona nyumbani ni viongozi wanafungua semina. Mambo mazito tuliyajua barazani Jaws Corner kabla ya kuyaona kwenye TV, na mengine hatukuyaona kabisa. Sasa huo ukongwe ulitusaidia nini? Nauliza kwa heshima.

MwanaKikwajuni

Umeuliza vizuri na hakuna cha kusamehewa.

Sitakudanganya kwamba nilikuwa jasiri siku zote. Kuna sheria, Na. 5 ya 1988 ya usajili wa magazeti na wakala wa habari, na Na. 7 ya 1997 ya Tume ya Utangazaji, na kila mwandishi wa hapa alijua mkono wake unaishia wapi. Kuna stori nilizozirekodi na sikuzituma. Zimo sandukuni. Januari 2001, waandamanaji wa upinzani walipouawa, sikuwepo Pemba, nilikuwa mgonjwa, na mpaka leo sijui kama ningepata nguvu ya kwenda ningekwenda kweli. Hilo nalibeba mwenyewe.

Lakini nikupe la 2015. Tarehe 28 Oktoba tulikuwa hoteli ya Bwawani, kwenye ukumbi wa kutangazia matokeo ya uchaguzi wa Zanzibar, waandishi wa kila pembe ya dunia, kamera zimeelekezwa kwenye meza ile. Matokeo ya baadhi ya majimbo yalikuwa yameshasomwa. Tukasubiri. Mwenyekiti wa Tume, Jecha Salim Jecha, hakutokea pale. Tangazo la kufuta uchaguzi tuliliona kwenye televisheni, kama ulivyoliona wewe nyumbani kwako. Nikiwa na kamera begani nikaangalia kioo kama mtu wa barazani.

Wenzangu wakakimbilia nje kupiga simu. Mimi nikabaki nikairekodi ile meza. Kiti kitupu, maikrofoni, chupa ya maji haijafunguliwa. Dakika nne bila kukata. Hakuna kituo kilichoitumia, waliniambia haina kitu ndani yake. Kwenye karatasi nimeandika: "Picha ya 1, meza ya matokeo, Bwawani, tarehe 28, saa ya tangazo. Hakuna mtu." Uchaguzi ukarudiwa Machi 2016, chama cha upinzani cha CUF wakasusia, na yaliyofuata mnayajua. Siku mtu atakapotaka kujua ukumbi ule ulikuwaje saa ile, ipo.

Sisemi hiyo inatosha. Ulichouliza kinabaki palepale.

Msumari Michenzani

Nimekuelewa Mzee. Shukran kwa kutoniruka.

Mjukuu wa Kae

Ami, assalaam alaykum. Mimi ni wa Makunduchi ila nakaa Muscat. Nimefuatilia uzi huu tangu jana kwa sababu moja. Babu yangu alifariki 2003. Tuna picha yake moja tu, ya kitambulisho, hata mdomo hauonekani vizuri. Mama anasema mwaka mmoja wa Mwaka Kogwa, sherehe yetu ya mwaka mpya, alikuja mtu na kamera akamrekodi babu akizungumza, baada ya kibanda kuchomwa. Alikuwa mrefu, ana kovu mkono wa kushoto la panga la shamba. Mama hakumbuki mwaka, anasema yeye alikuwa na mimba ya kaka yangu, kwa hiyo itakuwa 1999. Najua ni kama kutafuta sindano pwani. Kama si wewe basi nisamehe usumbufu.

MwanaKikwajuni

Waalaykumu salaam mwanangu. Makunduchi nilikwenda Mwaka Kogwa mara sita au saba. Nipe siku mbili nipitie karatasi.

MwanaKikwajuni

Nimeipata karatasi. Kanda namba 61, Julai 1999. Nainakili kama nilivyoiandika:

"Picha ya 1, vijana wanapigana kwa migomba, ugomvi wa mwaka uishe. Picha ya 4, kibanda cha makuti kinachomwa, mtu anatoka mbio, ni mila, msiseme ajali. Picha ya 5, kina mama wanaimba, mjini wataona ni matusi, msitafsiri. Picha ya 8, mzee mrefu, kovu mkono wa kushoto, anaeleza mwaka kwa Kikae, lahaja yao. Picha ya 8 anakohoa katikati, kateni hapo."

Karatasi iko vizuri. Kanda ndiyo tatizo. Nimeifungua mfuniko nikaona ukungu mweupe ukingoni. Nyumba za mawe za mjini zinalia chumvi, na mimi miaka mingi sikujua kuzihifadhi. Sijathubutu kuitia kwenye kamera.

Fundi wa Darajani

Mzee usiitie! Ahsante kwa kutothubutu. Kanda yenye ukungu ukiipiga, ukungu unahamia kwenye vichwa vya mashine, halafu kila kanda utakayoitia baadaye inachafuka na hiyo, na utepe wenyewe unaweza kung'ang'ania ukakatika.

Fanya hivi. Itenge na nyingine, kwenye mfuko wake. Iweke kwenye chombo cha plastiki chenye mfuniko pamoja na vile vipakti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya, vingi, si viwili. Wiki mbili au tatu, mahali pakavu pasipo jua. Ukungu ukikauka unakuwa unga, hapo ndiyo unapanguswa. Usitumie maji wala marashi, na usipulize kwa mdomo, pumzi ina unyevu. Baada ya hapo utepe unapitishwa polepole juu ya kitambaa kisichotoa nyuzi, mbele mpaka mwisho na kurudi. Mimi nina kamera moja ya Hi8 inayofanya kazi, nimeibakisha kwa kazi chafu kama hii, vichwa vyake nikivisafisha mara mia si neno. Ikipiga, irekodi papo hapo kwenye kompyuta, usiseme utairudia kesho. Inaweza kupiga mara moja tu.

Na hizo 211 nyingine, Mzee, zitoe chini ya kitanda. Ziweke juu, zisimame wima kama vitabu.

MwanaKikwajuni

Fundi, Mungu akulipe. Nimekwenda maduka matatu ya viatu Darajani leo asubuhi kuomba vipakti. Vijana wa duka wamenishangaa lakini wamenipa mfuko mzima.

BintiChake

Tunasubiri mrejesho jamani. Mama yangu naye anasoma, anauliza imefika wapi.

MwanaKikwajuni

MREJESHO.

Leo, siku ya ishirini na tatu. Nilikwenda kwa Fundi baada ya Alasiri. Alifunga mlango na kuzima feni ili vumbi lisiruke. Utepe ulipita kwenye kitambaa, kitambaa kikatoka na unga wa kijivu. Akaitia kamerani. Dakika ya kwanza ni chenga tupu na sauti ya upepo. Nilidhani ndiyo basi.

Halafu ikaja. Rangi zimepauka, bluu imekuwa kama zambarau, lakini imekuja. Migomba, vumbi, kibanda kinawaka. Kina mama wanaimba. Picha ya 8 inaanza dakika ya kumi na nne na kitu. Mzee mrefu, shati jeupe, amesimama chini ya mwembe. Anazungumza Kikae, mimi nyuma ya kamera namjibu Kiunguja changu cha Kikwajuni, na yeye anacheka jinsi ninavyomuelewa nusu. Anaeleza kwamba moshi wa kibanda ukielekea huku mwaka utakuwa na mvua, ukielekea kule itabidi watu wahangaike. Ananyoosha mkono wa kushoto kuonesha, na kovu linaonekana wazi. Halafu anakohoa, muda mrefu kidogo, anajipangusa mdomo kwa kanzu aliyoikunja begani, na anaendelea pale alipoachia kama hakuna kilichotokea.

Sekunde 97 zote. Nimemtumia mjukuu inboksi sasa hivi. Kituo kilichoinunua stori ile kilitumia sekunde sita.

Mjukuu wa Kae

Ami. Nimempigia mama kwa video nikamuonesha kwenye kompyuta. Kaka, dada, shangazi, wote wamejaa chumba kimoja kule Makunduchi. Shangazi alikuwa anapiga kelele "ndiye, ndiye," mama hakusema kitu. Tumeirudia mara nne.

Mama anasema usiikate pale kwenye kikohozi. Anasema hivyo ndivyo walivyokuwa wakimsikia alfajiri akitoka kwenda msikitini. Ameomba tumuwekee kipande hicho peke yake kwenye simu yake.